FEDHA ZA NCHI YA ZIWA NA KIMA CHAKE

Katika lugha yetu tunayo majina mengi ya kitu kimoja. Twasema fedha, twasema pesa, twasema hela, rupia, shilingi na senti. Watu wengi huyatumia majina haya bila kuyafikiri, lakini kila jina ni alama ya zamani zake. Fedha ni madini meupe, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa kipimo cha mali katika pwani yetu. Pesa ilitoka Bara Hindi. Hela ililetwa na Wadachi mwaka 1904. Shilingi ilikuja na Waingereza. Na ng'ambo ya kaskazini ya Ziwa, Waganda hata leo huita fedha ensimbi, yaani simbi za baharini, ingawa imepita miaka zaidi ya mia tangu simbi hizo zilipoacha kupokewa katika kodi.

Basi katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za fedha zilizopita mikononi mwa watu wa Mwanza na pwani za Ziwa la Viktoria, moja baada ya moja. Twataka pia kuonyesha jambo moja lililo kubwa kwa kila mkulima na mvuvi: ya kuwa kazi hufanyika hapa kwetu, bali bei ya kazi hiyo hupitia kwanza katika kima cha kubadili fedha, yaani hesabu ya fedha ya nchi moja kwa fedha ya nchi nyingine. Na kima hicho mara nyingi kimekatwa mbali sana na shamba. Asiyejua jambo hili humlaumu mwenye mzani peke yake. Anayelijua huweza kuuliza maswali yaliyo bora.

JEMBE, USHANGA NA NGUO

Kabla ya sarafu kufika, nchi ya Usukuma haikukosa biashara. Wahunzi Warongo wa Uzinza, magharibi ya Ghuba ya Mwanza, waliyeyusha chuma wakafua majembe, na majembe hayo yakachukuliwa mpaka Usukuma na Unyamwezi, yakalipwa kwa mifugo na nafaka. Jembe lilikuwa chombo cha kulimia, tena lilikuwa mali ya kuweka, na mahali pengi lilihesabiwa katika mahari. Wasukuma nao walisafiri mashariki mpaka Ziwa Eyasi kuchukua chumvi. Thamani ya vitu hivi haikuwa siri, maana aliyenunua jembe aliweza kukadiria kazi ya kulifua, na aliyenunua chumvi aliijua njia ndefu iliyoileta.

Misafara ya pwani ilipozidi katika karne ya 19, zikaja fedha za namna nyingine: ushanga, waya wa shaba, na nguo. Nguo ilihesabiwa kwa mkono, kwa shuka na kwa doti; mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti. Iliyopendwa sana ni merikani, nguo iliyofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu za mji wa Salem. Mwingereza Speke, aliyeliona Ziwa hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alisafiri na mizigo ya nguo na ushanga kama wasafiri wengine wote, maana bila vitu hivyo hakuna aliyepata chakula njiani.

Taabu ya fedha hizi ilikuwa kwamba kila nchi ilipenda ushanga wake. Rangi iliyotakiwa mahali hapa ilikataliwa mahali pale, na msafiri mwenye mizigo kumi ya ushanga usiotakiwa alikuwa maskini mwenye mzigo mzito. Tena mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Pamba ikaadimika, merikani ikapungua katika maduka ya Unguja na bei yake ikapanda, mpaka nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Mwenye kuuza pembe au ng'ombe kando ya Ziwa hakupata kusikia jina la vita vile, lakini bei ya doti yake ilibadilika kwa ajili ya vita vile. Hilo ndilo somo la kwanza: zamani kabla ya benki na simu, thamani ya fedha ya Ziwa ilikwisha kufungwa kamba moja na mambo ya ng'ambo.

KAURI ZILIPOZIDI

Katika Buganda fedha ilikuwa kauri, ambazo zilitungwa katika nyuzi za mia mia. Kauri ilikuwa fedha nzuri. Haiozi, ni nyepesi kuhesabiwa, wala mtu hawezi kuiigiza. Nguvu yake ilikuwa katika uchache wake, kwa kuwa haipatikani katika maji ya Ziwa, ila hutoka baharini. Zilipokuwa chache, kauri kidogo zilinunua kitu kikubwa. Misafara ilipozidi kuzileta, ng'ombe mmoja alihesabiwa kwa kauri elfu mbili na zaidi.

Afrika ya Magharibi ndiko hasara ilikoonekana wazi. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walinunua kauri za pwani yetu kwa bei ndogo, wakazipakia katika merikebu shehena baada ya shehena, wakazipeleka huko, ambako tangu zamani kauri zilikuwa fedha. Kwa muda wakapata faida nyingi. Lakini kauri zikajaa katika nchi zile, na mtu aliyekuwa amejiwekea akiba ya kauri kwa miaka mingi akaona akiba yake yanunua kidogo kila mwaka. Kauri hazikupasuka wala kuoza. Zilikuwa zile zile. Lakini zilikuwa zimezidi kuliko vitu vya kununuliwa. Na katika Uganda, mwaka 1901, serikali ya Waingereza iliacha kupokea kauri katika kodi, na tangu hapo zikaelekea kuwa mapambo.

Somo la pili ni hili: fedha ikizidi na bidhaa zisizidi, fedha hushuka. Wataalamu wa leo hulieleza jambo hili kwa vitabu vinene, lakini msingi wake ni huo.

RUPIA NA KODI YA NYUMBA

Pwani ilitumia riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye alama ya mwaka 1780, na baadaye rupia ya Bara Hindi. Zote mbili zilikuwa madini ya fedha, na watu wakadhani ya kuwa madini hayawezi kupotea thamani. Kumbe yaweza. Baada ya mwaka 1871 Ujerumani ilichagua dhahabu iwe msingi wa fedha yake, ikauza fedha nyeupe iliyokuwa nayo. Nchi nyingine zikafuata, na migodi mipya ikatoa fedha nyingi. Rupia, iliyokuwa karibu sawa na shilingi 2 za Uingereza, ikashuka mwaka hata mwaka. Mwaka 1893 serikali ya Bara Hindi ikafunga viwanda vyake vya sarafu visipokee tena fedha ya watu binafsi, na mwishowe rupia ikakazwa katika kima cha shilingi 1 na pensi 4, yaani rupia 15 kwa paundi moja.

Wadachi walipoitawala nchi yetu, kampuni yao ilitoa rupia mwaka 1890, yenye uzito wa rupia ya Kihindi na kichwa cha Kaisari. Mwaka 1904 serikali yao ikaacha pesa 64 katika rupia, ikaweka hela 100, na ikaamuru ya kuwa rupia 15 ni sawa na maki 20 za Ujerumani.

Kabla ya hapo, mwaka 1898, kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuanza. Kodi hiyo ndiyo iliyoipeleka sarafu katika kila kijiji. Mtu aliyeweza kuishi mwaka mzima kwa mtama, maziwa na samaki, sasa alilazimika kutafuta rupia. Akauza ngozi, karanga au mchele, au akaenda kufanya kazi ya mshahara. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zilipoanza kuzunguka Ziwa, bidhaa za Mwanza zilisafiri kwa maji hata Kisumu na kwa reli hata Mombasa. Tazama jinsi mambo yalivyochanganyika: mzigo ulitoka katika nchi ya Wadachi, ukapita katika njia ya Waingereza, ukahesabiwa kwa rupia iliyozaliwa Bara Hindi, ukauzwa Ulaya kwa maki au paundi. Kila mahali fedha ilipobadilishwa, mtu alikaa akingoja sehemu yake.

Vita ya mwaka 1914 ikaja. Meli za Waingereza zikafunga bahari, na sarafu zikaadimika katika nchi. Wadachi wakapiga chapa noti za muda, na mwaka 1916 katika mji wa Tabora wakafua hela za shaba, hata na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Waingereza waliingia Mwanza tarehe 14 Julai 1916. Aliyekuwa na sarafu ya dhahabu alikuwa na dhahabu bado. Lakini aliyekuwa na noti alikuwa na karatasi, maana noti ni ahadi, na serikali iliyotoa ahadi ile ilikuwa imeondoka.

RUPIA ILIYOPANDA MWAKA 1920

Sasa twafika katika habari ambayo tungependa kila mwanafunzi aifahamu vizuri, kwa kuwa ndani yake mna hesabu nzima ya kima cha fedha.

Wakati wa vita Bara Hindi iliuza bidhaa nyingi, na bei ya madini ya fedha katika soko la London ikapanda sana. Kwa hiyo rupia, iliyokuwa shilingi 1 na pensi 4 kwa karibu miaka ishirini, ikaanza kupanda. Mwisho wa mwaka 1919 ilikuwa imefika shilingi 2 na pensi 4. Katika Afrika ya Mashariki hakuna aliyekuwa ameamua jambo hilo. Rupia ilikuwa yetu kwa matumizi, bali kwa asili ilikuwa ya watu wengine. Mwaka 1920 serikali ya London ikakata shauri: rupia ya Afrika ya Mashariki itakuwa shilingi 2 kamili. Ikatolewa sarafu iliyoitwa florini, na katika miaka ya 1921 na 1922 mahali pake pakachukuliwa na shilingi ya Afrika ya Mashariki. Aliyekuwa na rupia moja akahesabiwa shilingi 2, na shilingi 20 zikawa paundi moja.

Tuzipige hesabu hizi ubaoni. Zamani paundi moja ilikuwa rupia 15. Sasa ikawa rupia 10. Tuseme mtu ameuza mazao London kwa paundi 100. Kwa kima cha kwanza alipata rupia 1,500. Kwa kima kipya alipata rupia 1,000 tu, ingawa mazao ni yale yale, na mnunuzi ametoa paundi zile zile. Tena tuseme mtu alikuwa na deni la benki la rupia 1,500. Zamani deni hilo lililipika kwa paundi 100. Sasa lilitaka paundi 150. Deni liliongezeka kwa nusu yake katika usingizi wa mwenye deni. Lakini aliyekuwa na akiba ya rupia, na benki iliyokuwa ikidai, walipata faida bila kuinua jembe.

Mwisho wa mwaka 1920 bei za mazao ulimwenguni zikaanguka pia, na shida zikawa mbili pamoja. Katika Kenya wenye mashamba makubwa walitaka hasara yao ichukuliwe na watumishi wao, wakakubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi. Harry Thuku na wenzake wakasimama kupinga. Akakamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumtetea wakapigwa risasi. Katika vitabu vingi habari za Thuku husimuliwa peke yake, na habari za rupia husimuliwa peke yake. Bali ni habari moja. Kima kilichokatwa katika ofisi za London kilifika mpaka katika mfuko wa kibarua.

Unguja haikufuata njia hii. Ilibaki na rupia mpaka mwaka 1936, na ilipoingia katika shilingi, rupia moja ilihesabiwa shilingi 1 na senti 50. Basi rupia iliyoletwa bara kutoka Bara Hindi kama ile ya Unguja ilipata shilingi 2 upande huu wa bahari, na shilingi moja na nusu upande ule. Mizani ya mfua fedha isingeonyesha tofauti. Tofauti ilikuwa katika shauri na katika wakati wake.

SHILINGI CHINI YA PAUNDI

Shilingi mpya ilitunzwa na Bodi ya Fedha iliyokaa London. Haikuwa na kima chake yenyewe. Paundi ikipanda ilipanda, paundi ikishuka ilishuka. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam bila kupita Kisumu. Lakini mara bei za ulimwengu zikaanguka, na mkulima aliyeongeza shamba akaona malipo yakipungua.

Tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza iliacha kufunga paundi katika dhahabu. Matokeo yake kwetu yalikuwa ya ajabu. Wakia moja ya dhahabu safi, iliyokuwa karibu shilingi 85, ilipanda hata karibu shilingi 140 katika mwaka 1934. Miamba ya Geita na Musoma, ambayo kuchimbwa kwake kwa bei ya zamani hakukuwa na faida kubwa, sasa ilivuta watafutaji wengi. Dhahabu haikuongezeka ardhini. Kipimo ndicho kilichobadilika. Na mwisho wa mwaka ule ule Japani nayo iliacha dhahabu, na yeni ikashuka sana. Ndiyo sababu katika miaka ya 1930 nguo za Kijapani zilijaa madukani kwa bei ndogo, na mkulima mwenye shilingi chache akaweza kununua kanga. Alishukuru mwenye duka, bali rahisi ile ilitoka Tokyo.

Tarehe 18 Septemba 1949 paundi ilishushwa tena, kutoka dola 4 na senti 3 za Marekani hata dola 2 na senti 80, na shilingi yetu ikashuka nayo siku ile ile. Wahenga walisema, Usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa karibu miaka hamsini nchi hizi zilisafiria nyota ya paundi.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walianza kukamata angalau upande mmoja wa jambo hili. Walikuwa na shaka juu ya mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakanunua pamba yao wenyewe na kujenga viwanda vya kuichambua. Ilikuwa kazi kubwa yenye sifa. Hata hivyo mzani wa haki haukuweza kupima kitu kimoja: bei ya pamba katika soko la Liverpool na kima cha paundi.

SHILINGI YETU WENYEWE

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na shilingi ya Tanzania ikatolewa. Jaribio lake la kwanza lilikuja upesi. Novemba 1967 Uingereza ilishusha paundi kutoka dola 2 na senti 80 hata dola 2 na senti 40. Safari hii Tanzania, Kenya na Uganda hazikufuata. Paundi iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Robota za pamba zilizouzwa kwa paundi 1,000 zilikuwa zikileta shilingi 20,000. Sasa zilileta shilingi 17,140 tu. Lakini mashine na dawa kutoka Uingereza zilipungua bei kwa hesabu hiyo hiyo. Hapo twaona ya kuwa kima cha fedha ni kisu chenye makali pande mbili. Fedha yenye nguvu humpendeza mnunuzi wa vitu vya ng'ambo na kumwumiza muuzaji wa mazao. Fedha dhaifu hufanya kinyume chake. Kwa hiyo akija mtu kusema ya kuwa shilingi ikipanda wote wamefaidika, au ikishuka wote wamepotea, muulizeni anauza nini na ananunua nini.

Baadaye shida zikafuatana. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi za kigeni. Bidhaa zikapungua na bei za ndani zikapanda, lakini kima cha serikali kilikazwa: mwaka 1980 dola moja ilikuwa karibu shilingi 8, ingawa katika njia za siri ilinunuliwa kwa shilingi nyingi zaidi. Nchi ikawa na bei mbili za dola.

Tuangalie maana yake kwa mkulima. Pamba yake iliuzwa nje kwa dola, na dola zile zikageuzwa shilingi kwa kima kidogo cha serikali, kisha zikakatwa gharama za bodi, za kiwanda na za usafiri. Kilichobaki ndicho alicholipwa, na mara nyingi alilipwa baada ya kungoja. Lakini alipokwenda kununua sabuni, sukari au kitambaa, hakuvikuta kwa bei ya serikali. Alivikuta uchochoroni kwa bei ya dola ya siri. Basi aliuza kwa kima kimoja, akanunua kwa kima kingine. Hakuna amri iliyomnyang'anya kitu, lakini tofauti ya vima viwili ilikuwa kodi isiyoandikwa katika stakabadhi yoyote. Wengi wakapunguza pamba, wakaongeza mpunga na mahindi, ambayo yaliweza kuliwa au kuuzwa jirani.

Ziwa nalo likawa njia. Usiku mitumbwi ilivuka kwenda Kenya na Uganda na mazao, ngozi na dhahabu, ikarudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Mwaka 1983 serikali ilifanya msako mkubwa wa wahujumu uchumi. Wako waliokamatwa kwa haki, na wako waliotupa bidhaa majini na vichakani kwa hofu. Lakini msako hauwezi kuziba pengo la bei; likibaki pengo, njia nyingine hutafutwa. Hatusemi ya kuwa kima peke yake kiliharibu mambo. Ukame ulikuwapo, vita vilikuwapo, na vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Lakini kima kisichosema kweli kiliongeza uzito wa kila mzigo.

Juni 1984 dola iliwekwa katika shilingi 17. Mwaka 1986 ilifika shilingi 40 na kupita, na mwaka 1990 ilikuwa karibu shilingi 195. Bidhaa zikarudi madukani. Lakini sasa mwenye mshahara alipita mbele ya duka lililojaa akiwa na mfuko usiotosha. Dawa ya ugonjwa mmoja ilikuwa chungu kwa mgonjwa mwingine.

SOKO LA FEDHA LA SIKU HIZI

Sheria ya mwaka 1992 iliruhusu maduka ya kubadili fedha, na mwaka 1994 likaanzishwa soko ambamo benki huuziana fedha za kigeni. Tangu hapo kima hakikatwi kwa amri; hutokana na wingi wa wenye kuleta dola na wingi wa wenye kuzitaka. Wanaozileta ni wauza dhahabu, pamba, kahawa, korosho na samaki, na wageni wanaokuja kuitazama nchi. Wanaozitaka ni waagizaji wa mafuta, mashine, mbolea na dawa. Benki Kuu huingia sokoni ili mawimbi yasizidi. Mwaka 2000 dola ilikuwa karibu shilingi 800. Mwaka 2024 ilizidi shilingi 2,500. Hata hivyo shilingi haishuki siku zote; katika miezi ya mwisho ya mwaka 2024 ilipata nguvu, na dola ikapungua.

Hakuna mahali pa kulisoma jambo hili vizuri kuliko mwaloni. Sangara, samaki aliyetiwa katika Ziwa katika miaka ya 1950 na 1960, aliingia katika viwanda vya Mwanza katika miaka ya 1990, akapelekwa Ulaya. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilipofunga mlango kwa muda, mvuvi asiyejua Ulaya iko wapi alijua siku ile ile ya kuwa sangara wake hana mnunuzi. Mnunuzi wa ng'ambo hulipa fedha ya kigeni, na shilingi ikishuka kiwanda hupata shilingi nyingi zaidi. Lakini injini ya mtumbwi, nyavu na petroli navyo hutoka ng'ambo, navyo hupanda. Mvuvi hufaidika tu kama nyongeza ya bei ya samaki imempita mwenye kiwanda na dalali ikamfikia, tena ikazidi nyongeza ya petroli. Dagaa wa soko la Kirumba nao huvuka mipaka hata Kongo, na mfanyabiashara wake lazima ajue fedha za jirani kama ajuavyo upepo.

Dhahabu nayo imerudi katika hesabu za nchi. Mwaka 2021 kilizinduliwa Mwanza kiwanda cha kusafishia dhahabu, na Benki Kuu hununua dhahabu ya humu nchini iwe akiba yake. Akiba ya namna hiyo humpa nahodha nanga. Haizuii upepo, bali humsaidia asitupwe mwambani.

MAMBO YA KUULIZA

Basi tumeona jembe, doti, kauri, rupia, hela na shilingi mbili. Zote zilipanda na zote zilishuka, na mara nyingi sababu ilikuwa mbali. Mkulima mmoja hawezi kukata kima cha dola, kama vile hawezi kuamuru mvua. Lakini mtu huweza kuijua majira ya mvua, akapanda kwa wakati.

Msimu wa pamba ukifunguliwa na bei dira ikitangazwa, wanachama wa ushirika na waulize mambo matatu. Kwanza, ratili moja ya pamba nyuzi yauzwa senti ngapi za dola ng'ambo? Pili, dola moja ni shilingi ngapi wiki hii? Tatu, kati ya bei ile na bei ya hapa mzanini, ni gharama zipi zimekatwa, na ni nani aliyezipokea? Vijana wetu walio shuleni wanaweza kuzipiga hesabu hizi kwa kalamu na karatasi, wakawasomea wazazi wao. Majibu na yaandikwe katika kitabu cha chama, kila msimu, ili mwaka huu ulinganishwe na mwaka jana. Maana wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika nchi hii ya Ziwa mali nyingi zimekwisha kupotea kwa njia hiyo, siku ambayo mzani ulikuwa wa haki kabisa.